Uzi: Majengo ya Nairobi yanayojua jua linatokea wapi, na yale yasiyojua

#1 Timazi (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila baada ya muda humu jukwaani unazuka uzi wa Nairobi dhidi ya Dar. Picha za maghorofa zinamwagwa, watu wanahesabu mita kama wanavyohesabu magoli. Sina ugomvi na urefu. Ila kazi yangu ni saiti, nimekaa Nairobi muda mrefu nikisimamia mafundi, na nikiliangalia jengo swali langu la kwanza ni dogo tu: saa tisa mchana, aliyekaa dirishani upande wa magharibi anafanya nini? Anapiga kazi, au anabandika magazeti kwenye kioo?

Nairobi Mungu kaipendelea. Iko jirani kabisa na ikweta, lakini iko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Julai watu wanatembea na makoti. Kinachotesa hapa si joto la hewa, ni jua lenyewe likikupata moja kwa moja. Ukilizuia lisiingie ndani na ukauachia upepo njia, umemaliza, kiyoyozi cha nini? Upande wa kaskazini na wa kusini, kibaraza kifupi cha zege juu ya dirisha kinatosha, maana jua linapita utosini. Mashariki na magharibi ndiko kwenye balaa. Jua linakuja limelala, kibaraza hakikusaidii. Huko unaweka mbavu za zege za kusimama, au unajenga ukuta mtupu, au unapeleka ngazi na vyoo vikachomwe na jua badala ya watu.

Hili halihitaji digrii. Waliotangulia walilijua, na kazi zao bado zimesimama katikati ya mji.

Nianze na KICC, kwa sababu nadhani ndilo jengo bora kuliko yote Nairobi na sitegemei kubadili mawazo. Kazi ilianza 1967, Mzee Jomo Kenyatta akalifungua Septemba 1973. Wazo la mwanzo lilikuwa makao makuu ya chama, KANU, jengo la heshima lakini si la kutisha. Kisha Nairobi ikapewa uenyeji wa mkutano wa mwaka wa Benki ya Dunia na IMF wa 1973, na mchoro ukaanza kunenepa. Ukumbi mkubwa ukaongezwa, mnara ukarefushwa hadi ghorofa 28, mita 105 hivi. Waliochora ni wawili: Karl Henrik Nøstvik, Mnorwe, na David Mutiso, Mkenya, msanifu mkuu wa serikali. Nchi ilikuwa haijatimiza miaka kumi ya uhuru.

Watu wengi wanalijua kwenye noti na kwenye kadi za posta. Hebu siku moja lisogelee. Ingia uwanjani, pita sanamu ya Mzee aliyeketi, simama chini ya ule ukumbi wenye paa la koni, ambao wengine wanauona kama nyumba ya msonge na wengine kama ua lililofumba. Angalia vivuli. Hakuna ukuta hata mmoja uliolala bapa mbele ya jua. Kila uso una mikunjo, kila dirisha limezama ndani, na mnara hauna upande mrefu wa kuchomwa kwa sababu unazunguka. Na rangi yake ya udongo wa kuchoma haina haya na vumbi. Nairobi ina vumbi jekundu miezi ya kiangazi, jengo jeupe linaonekana chafu ndani ya mwaka mmoja. Hili limevaa rangi ya vumbi tangu siku ya kwanza.

Halafu teremka hadi Bunge. Mchoraji wake Amyas Connell, mzaliwa wa New Zealand, alikuwa miongoni mwa waliopeleka usanifu wa kisasa Uingereza kabla ya vita vikuu vya pili, baadaye akaja Afrika Mashariki na kutulia Nairobi. Jengo la mwanzo ni la miaka ya 1950, upanuzi ukaja wakati wa uhuru. Wengi wanaishia kwenye mnara wa saa na kusema wameiga London. Mnara sawa, ndiyo uliotakiwa na wenye pesa. Ila Connell ukitaka kumjua angalia majengo yake mengine kama Hospitali ya Aga Khan pale Parklands: kuta zenye matundu yaliyopangwa kama ushonaji, hewa inapita, jua linabaki nje.

Mji wa zamani nao una somo lake. Kipande House na Nairobi Gallery, vyote vya 1913. Jengo la Archives (Nyaraka za Taifa) la 1906, lililoanza kama benki. Maktaba ya McMillan ya 1931. Jiwe lililotumika kwenye mengi ya zamani ni lile la kijivu la volkano linalochimbwa huku huku, kuta nene, madirisha marefu lakini membamba. Ndani kuna ubaridi hata mchana wa Februari. Herbert Baker, aliyechora Ikulu ya Nairobi, mahakama kuu ya zamani ambako leo kuna Mahakama ya Juu, na shule inayoitwa leo Nairobi School, alikuwa mtu wa mkoloni kwelikweli, lakini baraza zake zenye matao zinakutembeza kivulini kutoka mlango hadi mlango.

Sasa njoo kwenye vioo. Niliwahi kusimamia umaliziaji wa ofisi kwenye jengo moja Westlands, jina nalihifadhi. Kioo kuanzia sakafuni hadi darini, uso mpana kabisa ukitazama magharibi. Wapangaji walipohamia, wiki ya kwanza ilikuwa picha za kujipiga. Wiki ya pili wakaomba mapazia. Mapazia yakaja, yakafungwa kutwa, ndani giza, taa zikawashwa mchana. Kisha viyoyozi vikazidiwa, wakaongeza vingine. Mtu analipa umeme ili kujikinga na kitu ambacho kibaraza cha zege kingekizuia bure kwa miaka 50.

Karibuni tujadili. Wenye picha watupie.

#2 Mpita Njia 01

Nimeweka kiti mbele. Ila mkuu umeiruka Times Tower kama haipo. Ghorofa 38, mita 140, ilikamilika mwaka 2000 na kuipita KICC kwa urefu. Hata mstari mmoja?

#3 Timazi

Mstari huu hapa: imesimama wima, nimeipima kwa timazi kutoka Haile Selassie.

#4 Bint Majengo

Kaka Timazi, uzi mzuri na nimeusoma wote. Lakini unazungumzia kivuli kana kwamba kilikuwa cha kila mtu. Ngoja nikuulize: kivuli cha nani?

Kipande House unaisifia mawe. Jina lenyewe limetokana na kipande, kile cheti cha alama za vidole ambacho wanaume wa Kiafrika walivalishwa shingoni ndani ya kikopo cha chuma baada ya vita vikuu vya kwanza. Bila kipande hutembei, huajiriwi. Babu zetu walipanga foleni nje, juani, na kuta nene zikawapa ubaridi makarani.

Maktaba ya McMillan, ile yenye nguzo nyeupe na simba wawili mlangoni. Lady McMillan aliijenga kwa ukumbusho wa mumewe, ikafunguliwa 1931, na ilikuwa ya Wazungu. Mwafrika alianza kuingia 1958. Miaka 27 watu wamepita mbele ya wale simba wakienda zao.

Na Norfolk, hoteli ya 1904, ambayo watalii wanapelekwa kuona baraza lake. Machi 1922 watu walikusanyika karibu na hapo kudai mwanasiasa Harry Thuku aachiliwe, na wakapigwa risasi. Mary Muthoni Nyanjiru alikufa pale. Walowezi walikuwa barazani. Kivulini, kama unavyopenda wewe.

Sisemi tuyabomoe. Nasema ukihesabu mbavu za zege hesabu na watu.

#5 Mpita Njia 01

Duh. Dada kashusha nondo.

#6 Timazi

Dada Bint Majengo, heshima yako. Hilo ni zito na sina nia ya kulipunguza. Ila ona pia mikono iliyoyajenga. Reli ya kutoka Mombasa ililetewa vibarua zaidi ya 30,000 kutoka Bara Hindi, Nairobi yenyewe ilizaliwa 1899 kama kambi ya reli. Ufundi wa kuchonga jiwe mjini ulitokana kwa sehemu kubwa na watu hao na wana wao, na Waafrika wakajifunzia mikononi mwao. Nikiona kona ya jengo la 1913 ambayo hadi leo haijaachia, namwona huyo mchonga mawe, na yeye hakuwa amekaa barazani.

Na majengo yanahamishwa mikono. Kipande House benki ya KCB iliinunua 1976, leo mtu wa Githurai anaingia kuweka akiba. Maktaba ilienda kwa jiji, na vijana wa Book Bunk wako kwenye kazi ya kuifufua. Ndiyo maana KICC naiweka juu ya yote. Ilikuwa mara ya kwanza watu wa hapa kujijengea kivuli chao kikubwa katikati ya mji, na Mwafrika akiwa kwenye meza ya kuchora.

#7 Bint Majengo

Kivuli chao, halafu chama kikakifungia. KANU ilikaa na KICC kama mali ya ukoo hadi serikali ya NARC ilipoichukua 2003. Lakini sawa, hapo kwa Mutiso nakuunga mkono. Watu wanamtaja Mnorwe tu.

#8 Kioo Juu

Naona hapa ni sherehe ya mawe. Niwakilishe upande wa pili maana mimi nauza nafasi za ofisi, najua mteja anataka nini.

Mteja anataka mwanga, anataka kuona Ngong akiwa kwenye kikao, anataka sakafu pana isiyo na nguzo nyingi. Kuta za mawe nene zinakula eneo, na eneo ndilo tunalouza. Fundi wa kuchonga jiwe yuko wapi leo? Hata mawe ya Ndarugo siku hizi yanakatwa kwa mashine. Kioo kinakuja kimepimwa kiwandani, kinapandishwa, wiki chache umefunga jengo zima. Mwenye benki hakungojei miaka sita kama KICC.

Na si kila kioo ni kibaya. Kuna vioo vya tabaka mbili, kuna vilivyopakwa kuzuia joto. Britam Tower pale Upper Hill, mita 200, ilikamilika 2017, mnaisemaje? Chini ni mraba, inapanda ikibadilika hadi juu inachongoka. Mnataka tuishi makumbusho?

#9 Mchora Ramani

Mkuu Kioo Juu, Britam umeitaja vizuri, na Timazi angefurahi kujua kitu. Ilichorwa na GAPP wa Afrika Kusini wakishirikiana na Triad wa Nairobi. Triad ndiyo ofisi iliyoanzishwa na Connell, yule yule wa Bunge. Kwa hiyo mstari haujakatika, umepitia mikono mingi tu.

Tatizo si kioo, tatizo ni kugeuza jengo popote. Sisi chuoni somo la kwanza la hali ya hewa ni hili: chora njia ya jua kabla hujachora ukuta. Ukifika kazini, kiwanja kimeshanunuliwa, ni kirefu kutoka kaskazini kwenda kusini, mbele kuna barabara, na mwenye mali anataka uso wa barabarani ung'ae. Uso wa barabarani unatazama magharibi. Unachora mbavu, anakuja mkadiriaji gharama, anazifuta. Nimeona mbavu zikifutwa zaidi ya mara moja, na kila mara sababu ni ile ile, "zinaficha jengo."

Halafu kuna jambo ambalo Nairobi haikupaswa kulisahau. Tarehe 7 Agosti 1998, bomu la ubalozi wa Marekani pale pembeni mwa Haile Selassie na Moi Avenue. Watu 213 walikufa. Jengo la Ufundi liliporomoka, Co-operative House likabaki limesimama lakini limetobolewa. Kabla ya mlipuko mkubwa kulikuwa na mlio mdogo, watu maofisini wakakimbilia madirishani kuchungulia. Vioo vikawakuta usoni. Wengi waliopoteza macho siku ile walipotezea dirishani. Baada ya hapo ungetegemea mji uwe na mjadala mkali kuhusu kioo. Tulipata mageti na walinzi wenye vioo vya kukagulia chini ya magari.

#10 Kioo Juu

Hiyo ya 98 inauma, nilikuwa mdogo lakini naikumbuka. Ila kioo cha siku hizi kikipasuka hakikatikatiki vile, kuna utando katikati unaokishika.

#11 Mchora Ramani

Kikiwekwa, ndiyo. Swali ni nani anakagua kama kimewekwa.

#12 Mzaramo Halisi

Nimefika nimechelewa, kama kawaida ya daladala. Wakenya mnajisifia kivuli, haya sisi Dar tuwafundishe mvua.

Soko la Kariakoo. Kalichora Beda Amuli, Mtanzania, likafunguliwa 1975. Paa lake ni miavuli mikubwa ya zege iliyogeuzwa kichwa chini, imeshikwa na nguzo, na maji ya mvua yanashukia katikati ya mwavuli kwenda kwenye matangi chini ya ardhi. Pembeni kuko wazi, upepo unapita, muuza nyanya hachomwi na jua wala halowi. Liliungua Julai 2021, tukalia, likafanyiwa ukarabati. Nyinyi mna mnara wa mikutano ya Benki ya Dunia, sisi tuna soko. Nani kajenga kwa ajili ya mwananchi?

Timazi wewe si mtu wa Tanga? Mbona umewasaliti?

#13 Timazi

Tanga ndiko kwetu, na Kariakoo naivulia kofia. Tena ningeomba wanafunzi wote wa Nairobi wapelekwe kuiona, maana Amuli alifikiri kuhusu maji, hewa na mzigo wa muuzaji kwa wakati mmoja. Ila Dar ni joto la unyevu, unahitaji upepo kwanza kivuli baadaye. Nairobi ni kivuli kwanza. Ukichukua jengo la Nairobi ukaliweka Upanga utapika watu, na wapo waliofanya hivyo.

Mtu mwingine wa kumkumbuka kwenye hesabu hii ni Ernst May, Mjerumani aliyejulikana kwa nyumba za wafanyakazi kule Frankfurt. Aliishi Afrika Mashariki kuanzia 1934 hadi miaka ya 1950, akafanya kazi Nairobi, Mombasa na Kampala. Hata yeye mwenye jina kubwa Ulaya ilibidi aanze upya na jua.

#14 Bint Majengo

Mmekaa tao (katikati ya mji) tu, kama vile Nairobi inaishia Moi Avenue. Tuvuke Landhies Road.

Kaloleni. Ilijengwa miaka ya 1940, kazi ikifanywa na mateka wa vita Waitaliano. Nyumba fupi za mawe, paa za vigae, zimepangwa zikizunguka uwanja wa nyasi wenye miti, na katikati kuna ukumbi wa jamii. Ukumbi huo umesikia siasa za kudai uhuru kabla hazijafika kwenye ule mnara wenu wa saa. Maktaba ya Kaloleni ipo, ndogo, imekarabatiwa na hao hao wa Book Bunk, pamoja na ya Makadara. Ukiingia saa za shule kutoka utakuta watoto wamejaa, wengine wamekaa sakafuni. Hakuna simba mlangoni.

Hiyo nayo ilikuwa mitaa ya mkoloni kwa ajili ya Waafrika wa kazi, vyumba vidogo, sisifii. Lakini mpangilio ule unampa mama mahali pa kuanika nguo na mtoto mahali pa kuchezea mpira huku jikoni kunamwona. Sasa angalia kinachokuja. Pangani ya zamani imevunjwa, minara imepanda. Nyingine zinangoja zamu. Vyumba vinaongezeka, na uhitaji upo, sibishi. Uwanja ndio unaoondoka. Hakuna anayeweka uwanja kwenye hesabu kwa sababu haulipi kodi ya nyumba.

Haya ndiyo majengo ambayo hakuna mtalii atakuja kulia yakibomolewa. Archives ina ulinzi wa sheria. Kaloleni ina wazee.

#15 Mpita Njia 01

Nimekulia karibu na huko, dada. Umesema kweli tupu. Miti ile ya uwanjani ilikuwa refa wetu.

#16 Timazi

Bint Majengo, hii #14 ingepaswa kuwa mwanzo wa uzi. Na niongeze ya kiufundi: zile nyumba za Kaloleni zina ukuta wa jiwe na paa la vigae lililozidi ukuta, kwa hiyo mvua haigusi msingi na jua halifiki dirishani. Zimekaa miaka zaidi ya 70 na matengenezo kidogo sana. Nimeingia kwenye maghorofa ya miaka mitano lipu inamomonyoka.

#17 Salama Jioni

Mbona msikiti wa Jamia hamjautaja? Upo hatua chache kutoka hapo maktaba. Ulianza kujengwa 1925, ukamalizika 1933, kuba tatu za fedha na minara miwili. Mchana wa Ijumaa barabara za kando zinafurika watu. Mimi nje ya swala naupenda kwa kitu kimoja: ukitoka kwenye kelele za Muindi Mbingu ukavuka ule mlango, kelele zinabaki nje. Sijui waliwezaje katikati ya mji.

#18 Mchora Ramani

Ua na ukuta, dada Salama. Kelele zinapiga ukuta, zinakosa njia ya moja kwa moja. Majengo ya pwani nayo yanafanya hivyo hivyo, mlango haukutazamishi ndani moja kwa moja. Na usisahau Khoja pale mwisho wa Moi Avenue, jamatkhana (nyumba ya ibada ya Waismailia) ya 1922. Kila mtu anasema "nishushe Khoja" na wachache wameinua macho kuangalia mnara wake wa saa.

Kwa upande wa makanisa, Holy Family ya 1963 ilichorwa na mwanamke, Dorothy Hughes, wakati ambapo ofisi za wasanifu zilikuwa za wanaume watupu. Zege wazi, mwanga unaingia kutoka pembeni kupitia vioo vya rangi. Hapo Kioo Juu una shahidi: kioo kikiwekwa kwa akili hakina kesi.

#19 Mpita Njia 01

Na Hilton je? Lile la duara la 1969. Limefungwa mwisho wa 2022, na hadi leo mtu anakwambia tukutane Hilton.

#20 Kioo Juu

Hilton lilifungwa, na hakuna aliyeuliza kama lilikuwa na kivuli. Biashara ilihama kwenda Westlands na Upper Hill, ndiyo hali. Katikati ya mji kodi imeshuka, maghorofa mazuri ya miaka ya 60 na 70 yamekatwakatwa kuwa vibanda vya simu na nguo, kila kibanda futi nane kwa sita. Mnataka kuyaokoa? Mleteeni mpangaji. Uzi hauokoi jengo.

#21 Timazi

Hapo umegonga msumari, na nakujibu kwa mfano badala ya ubishi. Hivyo vibanda ndivyo vinavyoyaweka hai hayo majengo. Nimeingia jengo moja la zamani upande wa River Road, kila ghorofa ina mafundi cherehani, na limejengwa na varanda ya nje kuzunguka ua wa katikati. Mafundi wametoa mashine zao varandani, wanashona kwa mwanga wa mchana bila balbu hata moja. Jaribu kukatakata jengo lako la kioo kuwa vibanda uone. Aliyeko katikati hana hewa, aliyeko pembeni anaiva. Majengo yale yanabadilishwa kwa sababu yalijengwa kwa ajili ya mtu anayefungua dirisha.

#22 Mgeni wa Goma

Jambo wote. Mimi ninatoka Goma, nitapita Nairobi siku mbili nikienda kwa ndugu zangu Mombasa. Nimesoma uzi wote, sasa nataka kuona. Nianzie wapi, na KICC wanaruhusu mtu kupanda juu?

#23 Timazi

Karibu sana ndugu. Anza asubuhi stesheni ya zamani ya reli, karibu na hapo kuna makumbusho ya reli yenye mabehewa ya enzi hizo. Mojawapo ni lile ambamo afisa wa polisi Charles Ryall alitolewa na simba pale Kima mwaka 1900, watoto wote wa Kenya wanaijua hadithi hiyo. Kisha panda Moi Avenue hadi bustani ya ukumbusho ya Agosti 7, uendelee mpaka Archives. Ingia ndani, usiishie nje kama wengi: mkusanyo wa sanaa wa Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa makamu wa rais, uko ghorofa ya chini. Shika begi lako mbele, pale nje pana watu wengi.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi Jamia na McMillan. Ukipita Bunge usielekeze kamera kwa walinzi, hasa tangu Juni 2024 waandamanaji walipoingia ndani. KICC iache mwisho, kama saa kumi. Beba pasipoti maana getini wanadai kitambulisho, na ndiyo, wanaruhusu kupanda juu kwa kiingilio. Kukiwa hakuna mawingu utaiona milima ya Ngong yote. Ukiwa juu uangalie chini, uone vivuli vya mikunjo vinavyorefuka kwenye ule ukumbi wa koni.

Siku ya pili mtafute Bint Majengo akupeleke Kaloleni.

#24 Bint Majengo

Nipo. Aje na viatu vya kutembea, matatu za huko hazingoji mtu apige picha.

#25 Kioo Juu

Na akimaliza kuona mawe aje Westlands nimpandishe ghorofa ya 20 anywe kahawa kama mtu wa karne hii. Timazi naye aje, nalipa mimi.

#26 Timazi

Nakuja. Ila meza iwe upande wa kusini.